Maswali na majibu: Umegongwa ubavuni, nani alipe?

Wiki hii nimechagua maswali ya ajali za ubavuni, zile ambazo gari moja huingiza pua yake kwenye mlango wa jingine. Yamekuja mengi, na karibu yote yameegemea imani moja iliyowatia watu hasara miaka na miaka: kwamba aliyegonga ndiye mwenye kosa na aliyegongwa ndiye wa kulipwa. Naanza na hiyo, maana msomaji asipoitoa kichwani majibu mengine hayatamfaa kitu.

Nilikuwa natoka barabara ya mtaani huku Tabata, naingia barabara kubwa. Nimeshafika katikati, Noah iliyokuwa inakuja mbio ikanigonga mlango wa dereva. Trafiki ameandika kuwa mimi ndiye chanzo. Kaka, aliyegongwa anakuwaje mwenye kosa?

Anakuwa, tena mara nyingi. Anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa anatakiwa asimame na kuwapisha walio kwenye barabara kubwa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukitokeza pua tu, magari ya kwanza kukutana nayo yanatoka kulia kwako, na kulia ndiko aliko dereva. Kugongwa mlango wa dereva ukiwa unatoka kichochoroni mara nyingi kunaonyesha kwamba ulijitokeza mbele ya mtu ambaye hakuwa tena na nafasi ya kusimama.

Polisi wakija kupima ajali, na baadaye hakimu akisikiliza, hawaangalii bampa ya nani imepinda. Wanatafuta mambo mawili. Kwanza, njia ilikuwa ya nani. Pili, yule mwenye njia naye alifanya alichoweza kuikwepa ajali? Hilo la pili ndilo linalokupa pa kushika. Unasema Noah ilikuwa mbio. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kama ilikuwa inakimbia zaidi ya hapo, au inaovateki, au imekuja usiku bila taa, dereva wake anabeba sehemu ya lawama. Mahakama ina uwezo wa kuigawa: tuseme asilimia 70 kwako na 30 kwake, na kila mmoja fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Lakini neno "mbio" likitoka kinywani mwako peke yako halitoshi. Nani mwingine aliziona hizo mbio? Muuza genge la pale kona? Kamera ya duka? Kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo anayesubiri mwezi mzima ndipo aende kuuliza anakuta hakuna kitu.

Kingine, liangalie gari lako kabla fundi hajaligusa. Kama pigo limeanzia kwenye bodi ya juu ya tairi la mbele, ulikuwa ndiyo kwanza unatokeza. Kama limetua mlango wa nyuma au karibu na tangi la mafuta, ulikuwa unakaribia kumaliza kuvuka, na yule mwingine alikuwa na muda wa kukuona. Mlango uliobonyea ndani tu, bila michubuko mirefu, unaonyesha gari lililokuwa limesimama au linatambaa. Michubuko iliyoanza mlango wa mbele ikaburuzika hadi wa nyuma inaonyesha gari lililokuwa kwenye mwendo. Hata barabara yenyewe inatoa ushahidi: magari yakigongana, tope kavu lililoganda chini ya bodi hudondoka palepale, pamoja na vipande vya taa. Magari yakishasogezwa, tope lile hubaki. Lipige picha pamoja na alama za breki, na kwenye picha hiyohiyo ionekane nguzo au kibao cha kudumu, ili mtu aweze kurudi kupima.

Kama unaona mchoro wa trafiki umekosea mahali magari yalipogongana, usigombane naye barabarani. Toa maelezo yako kwa maandishi kituoni, ambatanisha picha, na uombe kumwona mkuu wa usalama barabarani wa wilaya kabla jalada halijafungwa. Maelezo ya trafiki yana uzito, lakini si hukumu.

Nimegongwa ubavuni. Nidai shilingi ngapi?

Ujumbe wa namna hii unakuja kila wiki. Hujaeleza uligongwa wapi, ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi, umeumia au ni gari tu. Kugongwa hakuna bei ya sokoni. Niandikie tena ukiwa na mchoro wa polisi na makadirio ya gereji.

Nina bima ndogo, ile ya 118,000. Mwenzangu ndiye mwenye kosa. Bima yangu itanitengenezea gari?

Hapana. Bima ndogo inamlipa yule utakayemuumiza wewe. Gari lako litatengenezwa na bima ya mwenzako, au na mfuko wake. Na usiishie kuitazama stika yake kwenye kioo: hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ukiwa palepale, kwa simu yako, kabla hamjaachana.

Tuligongwa ubavu wa kushoto na pikapu iliyotoka kituo cha mafuta hapa Morogoro. Dereva wake aliomba tuyamalize, akanipa 300,000 za mlango, tukaandikishana kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, akasema maumivu ni kidogo. Usiku akazimia, hospitali wakakuta bandama imechanika na mbavu mbili zimevunjika. Bili imefika milioni kadhaa. Je, lile karatasi limetufunga?

Pole sana, ndugu yangu, na mpe pole mama. Nitalijibu hili kwa kirefu kwa sababu neno "tuyamalize" ndilo linaloumiza watu kuliko ajali yenyewe.

Gari likigongwa kwa mbele, kati yako na pigo kuna boneti, injini na zaidi ya mita ya chuma cha kupunguza nguvu. Likigongwa ubavuni, kuna mlango tu: bati, kioo, plastiki, na nafasi ya kiganja kimoja au viwili. Mkanda haumzuii mtu vizuri asisukumwe kwa pembeni. Aliyekaa kushoto akigongwa kushoto, zinazopokea pigo ni mbavu za chini, na nyuma yake kuna bandama. Dereva aliyeko kulia akigongwa kulia, hapo kuna ini. Viungo hivi viwili vinaweza kuvuja damu taratibu kwa saa kadhaa huku mtu anaongea, anatembea, anasema ni maumivu kidogo tu. Tumbo likianza kukaza, bega la kushoto likiuma bila sababu, kizunguzungu, kiu, jasho la baridi, hapo huna muda wa kusubiri kukuche. Aliyegongwa upande aliokaa aende hospitali siku hiyohiyo hata kama hana mchubuko. Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, isimcheleweshe mtu aliye hatarini: atibiwe kwanza, ndugu mmoja akimbilie kituoni.

Sasa hilo karatasi. Wewe uliandikishana kuhusu mlango. Madai ya mwili wa mke wako ni ya mke wako. Hakusaini, hakukutuma usaini kwa niaba yake, na hakuna anayeweza kumfutia haki hiyo nyuma ya mgongo wake. Hata wewe mwenyewe, kama maneno yanasomeka kwamba mlimaliza suala la gari, wakili anayejua kazi yake ana pa kusimamia. Lakini mmejitengenezea mlima. Polisi hawakuitwa, kwa hiyo ajali haikupimwa. Dereva wa pikapu akiamka kesho akasema mke wako alianguka bafuni, mtamjibu na nini?

Fanya haya leo. Ripoti ajali kituo kilicho karibu na hapo mlipogongwa, ueleze wazi kwa nini mmechelewa. Chukua PF3 na uhakikishe daktari anayeijaza anaandika kwamba majeraha yanaendana na kugongwa kutoka kushoto. Lile karatasi la makubaliano usilichane! Lina jina lake, namba ya gari na tarehe, na limethibitisha kwa mkono wake kwamba ajali ilitokea na kwamba alilipa. Kama 300,000 zilipita kwenye simu, toa taarifa ya miamala. Rudi kituo cha mafuta, uliza kamera na wahudumu wa zamu ile. Kisha iandikie kampuni iliyokatia bima pikapu ile, uitaarifu kwamba kuna majeruhi. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, bima ya lazima imewekwa hasa kwa ajili ya kifo na majeraha ya mtu kama mke wako. Mkifika mahakamani mkashinda dhidi ya mwenye gari, kampuni inawajibika kulipa hukumu hiyo, ili mradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Wengi hushinda kesi kisha wakakosa pesa kwa sababu kampuni haikujulishwa kitu mapema.

Na wewe msomaji ambaye hujapata ajali bado: usisaini chochote barabarani kuhusu mwili wa mtu.

Trafiki alinipungia nipite wakati taa kwangu ni nyekundu. Gari lililokuwa na kijani likaja na kunipiga ubavuni. Yule trafiki sasa anasema hakuniita. Nifanyeje?

Ishara ya askari aliye zamu inashinda taa. Kwa hiyo kisheria ulikuwa sahihi, kama kweli alikupungia, na tatizo lako ni kuthibitisha. Tafuta waliokuwa nyuma yako kwenye foleni na waliopita pamoja nawe, maana trafiki haiti gari moja. Bodaboda waliopaki pale kona wanajua nani alikuwa zamu na alikuwa anaita upande gani. Andika saa kamili. Peleka maelezo kwa mkuu wake, usiishie kwa askari yuleyule ambaye sasa ana maslahi kwenye jibu.

Nasema wazi kinachonikera. Askari anapozishika taa zinazofanya kazi, akaita upande mmoja bila kwanza kuusimamisha ule wenye kijani, anawaweka madereva wawili kwenye makutano na kila mmoja anaamini njia ni yake. Ama taa zizimwe, ama wawe askari zaidi ya mmoja. Na wewe dereva, mkono wa trafiki haukuondolei wajibu wa kutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka.

Shikamoo. Kipilefti chenye njia mbili: mimi nilikuwa njia ya ndani natoka, mwenzangu njia ya nje anaendelea kuzunguka. Akanigonga mlango wa kushoto. Nani alaumiwe?

Marahaba. Wewe, kwa sehemu kubwa. Anayetoka ndani anakata njia ya mwenzake, na anayekata njia ndiye wa kuwasha indiketa ya kushoto, kutazama kioo na kusubiri. Yeye naye ataulizwa kwa nini alizunguka kipilefti kizima kwenye njia ya nje, na hapo anaweza kugawana nawe. Ingekuwa umegongwa na mtu anayeingia, jibu lingegeuka, maana anayeingia anampisha aliyemo ndani, anayetokea kulia kwake.

Nilikata kulia Barabara ya Morogoro, nikavuka njia ya mwendokasi, basi likanipiga ubavuni. Basi lilikuwa linakimbia sana. Naweza kudai?

Unaweza kudai, lakini jiandae kwa swali gumu. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, ajali zake nyingi za ubavuni zina sura hii moja: dereva anatazama magari yanayokuja mbele yake na kusahau kwamba katikati ya barabara kuna njia nyingine yenye basi linalokuja kutoka nyuma yake, upande wa kulia. Kukata pale kunaruhusiwa kwenye makutano yenye taa, taa inapokuruhusu. Ulivuka kwenye taa, na ilikuwa ya rangi gani? Hukusema. Ukivuka pasipo na taa, au nyekundu, mbio za basi zitakupunguzia lawama kidogo tu. Basi likiwa ndilo lililopita nyekundu, mshtakiwa si dereva peke yake: mwajiri anawajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini.

Abiria waliokuwa ndani ya basi nao wasome hapa. Nyinyi hamhusiki na ugomvi wa nani alikuwa na taa. Abiria aliyeumia anaweza kuwadai wote wawili, nao wagawane wenyewe.

Trafiki ananishauri nikubali kosa mahakamani nilipe faini yaishe haraka, kwa sababu kesi itanipotezea muda. Mimi naamini sikukosea.

Usikubali kosa usilolifanya ili kuokoa asubuhi moja. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaichukua hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai kuwa ushahidi usiopingika wa hatia. Ukikubali kuendesha kwa uzembe leo, ukalipa faini na kwenda zako, yule mwenzako atachukua nakala ya hukumu hiyo na kuiweka mezani kwenye kesi ya fidia. Hapo hutasikilizwa tena kwamba ulikubali ili yaishe. Faini inaweza kuwa ndogo, fidia ya mguu uliokatwa si ndogo.

Angalia vilevile ile karatasi ya faini ya 30,000 ya papo kwa papo. Ukisaini, umekiri kosa lililoandikwa humo. Lisome. Kama limeandikwa kosa lisilo lako, kataa na uombe ufikishwe mahakamani.

Na kama wewe ndiye uliyeumizwa, mambo yanageuka kukufaa: fuatilia kesi ya dereva aliyekugonga, ujue tarehe, uombe nakala ya hukumu. Watu hulala nyumbani wakidhani polisi watawaletea.

Ni kweli kwamba gari likigongana na bodaboda, mwenye gari ndiye mwenye kosa kwa sababu ni mkubwa?

Si kweli. Hakuna sheria inayopima kosa kwa kilo. Ajali ninayoisikia zaidi ni hii: gari linakata kulia kuingia getini, bodaboda inaovateki kulia, inaingia mlango wa dereva. Mwenye gari anaulizwa: indiketa uliwasha mapema, kioo ulitazama? Bodaboda anaulizwa: kwa nini uliovateki gari lililoashiria kulia? Mara nyingi wanagawana. Abiria wa bodaboda hagawanywi na mtu, anadai kote.

Umati ukianza kukusanyika kwa hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukajisalimishe na kueleza. Hiyo si kukimbia. Kukimbia ni kwenda nyumbani.

Nimegongwa na gari la serikali, lenye namba za STK, likiwa limepita taa nyekundu. Dereva anasema serikali haishtakiwi.

Inashtakiwa, ila kwa utaratibu wake. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe kwanza notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 90, ueleze madai yako na msingi wake, uipeleke kwa taasisi yenye gari na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikipita bila jibu ndipo unafungua kesi Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu akiwa mmoja wa washtakiwa. Magari ya halmashauri yameingizwa kwenye utaratibu huohuo. Kesi nyingi halali hufutwa siku ya kwanza kwa sababu mtu alikimbilia mahakamani bila notisi, akarudi nyumbani akidhani ameonewa. Dereva wa serikali naye anashtakiwa kwa kosa la barabarani kama wewe na mimi, kwa hiyo hakikisha ajali imepimwa na namba ya gari imeandikwa sawasawa.

Daladala yangu iligongwa ubavuni Mbagala, ikakaa gereji miezi minne. Nataka nilipwe hesabu ya kila siku kwa miezi yote. Bima wanakataa.

Wana sehemu ya haki. Hasara unayoweza kuihesabu kwa shilingi lazima uitaje moja moja kwenye madai na uithibitishe kwa karatasi. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi mno mpaka haifai tena kumshangaza mtu. Hesabu ya daladala huishia mkono kwa mkono, jioni, chini ya mwembe, na mwenye gari akifika mahakamani hana hata ukurasa mmoja. Una daftari? Una miamala ya simu kutoka kwa dereva wako? Leseni ya usafirishaji ilikuwa hai? Kila siku daladala ilikuwa barabarani, hata siku za matengenezo?

La pili, miezi minne. Sheria inakutaka upunguze hasara yako mwenyewe. Kama kazi ya mlango na nguzo ya katikati ilikuwa ya wiki tatu, na gari lilikaa kwa sababu ulikuwa unasubiri mtu alipe, usitegemee kulipwa yote. Risiti za vipuri na ufundi ziwe za EFD, ile mashine ya risiti ya kodi. Kipande cha daftari chenye muhuri wa gereji kitapingwa. Maumivu, ulemavu na mateso ni jambo jingine: hayo hayana risiti, hakimu huyapima mwenyewe kwa kutazama ripoti ya daktari.

Kama madai yako yamekamilika na kampuni bado inakuzungusha, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Peleka malalamiko kwa maandishi. Usipeleke kwa vishoka wanaozunguka vituo vya polisi na wodi za majeruhi wakiahidi kukufuatilia. Wanachukua PF3 halisi, wanachukua asilimia yao, na wengine hawaonekani tena. Wakili wa kweli anahakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama, wa e-Wakili, kwa jina lake.

Gari nimenunua mwaka jana, kadi bado ina jina la aliyeniuzia. Bima ni yake, haijaisha. Nimemgonga mtu ubavuni. Nani atalipa?

Mtasumbuka wote watatu. Jina lililo kwenye kadi huhesabiwa la mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo aliyekuuzia atashtakiwa. Bima haihami na gari kama tairi la akiba: ni mkataba kati ya kampuni na mtu aliyeukata, na kampuni itauliza wewe ni nani. Tafuta mkataba wa mauziano uliopo, mjulishe aliyekuuzia leo, na mfanye uhamisho wa umiliki. Wanaosukuma gari la matumizi binafsi kwenye biashara ya teksi za mtandaoni bila kuiambia kampuni ya bima wako kwenye shimo hilohilo, na siku ya ajali ndiyo watakayoligundua.

Mwaka 2021 tuligongwa ubavuni mimi na mwanangu aliyekuwa na miaka 9. Mguu wake umebaki mfupi. Nilikuwa sina pesa ya wakili. Nimeshachelewa?

Mama, madai yako na ya mwanao yanahesabiwa tofauti. Kwa madhara ya uzembe kama haya, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, imetoa miaka mitatu. Yako yalikwisha 2024. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, ambayo kwa kesi hii ni miezi 18. Lazima uwe na sababu nzito, na kuchelewa kwa kukosa pesa peke yake ni hoja dhaifu.

Ya mwanao ni hai. Mtoto hahesabiwi muda mpaka afikishe miaka 18, na hata kabla ya hapo anaweza kufungua kesi kupitia mtu mzima anayemsimamia. Wako wanaosubiri mtoto akue kwa sababu sheria inaruhusu. Nakusihi usisubiri. Sheria itamngoja mtoto, lakini dereva atahama, kampuni itasema haina kumbukumbu, shahidi atasahau, na jalada la polisi litaliwa na mchwa.

Pesa ya wakili isikuzuie tena. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, wakiwemo wasaidizi wa kisheria ngazi ya wilaya, kwa ajili ya mtu asiye na uwezo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Kabla ya kwenda kwao, pitia hospitali alikolazwa uombe nakala ya faili lake na picha za eksirei, upate ripoti mpya ya daktari wa mifupa inayotaja tofauti ya urefu wa miguu kwa sentimita na kama atahitaji upasuaji tena, kisha uende kituo kilichopima ajali ukiwa na tarehe na namba za magari. Ukishapata namba ya jalada, niandikie.